Maswali ya Wasomaji: Mwalimu wa Shule ya Msingi, Lugha ya Nyumbani na Tuzo ya Dola Milioni

Toleo lililopita lilikuwa na habari fupi kuhusu walimu waliotuzwa kwa sababu walifundisha kwa kufuata lugha na maisha ya wanafunzi wao, na barua zilizofuata ni nyingi kuliko nilivyotazamia. Nimechagua tano. Nimezifupisha, lakini maneno makali nimeyaacha yalivyo, kwa kuwa wenyewe waliyakusudia.

Jambo sana, Mama Mwalimu. Ninafundisha darasa la pili huku Katuba, Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Mwezi uliopita inspekta alinikuta nikiwaeleza watoto kwamba maneno ya kitabuni "yuko sokoni" ndiyo yale yale wanayoyasema nyumbani "eko ku soko". Aliniambia mbele ya watoto kwamba ninaharibu Kiswahili, na kwamba kazi ya mwalimu ni kufuta lugha ya mtaani, si kuiandika ubaoni. Wiki iliyofuata nikasoma habari za mwalimu wa India aliyepewa dola milioni moja kwa kufuata lugha ya watoto. Yule alifanya nini hasa ambacho mimi sikukifanya? Na je, inspekta ana haki? — Mwalimu wa Katuba

Jambo, mwanangu. Nitaanza na yule wa India, kwa kuwa habari zake zikielezwa vizuri swali lako la pili litapungua uzito.

Ranjitsinh Disale alifika mwaka 2009 katika shule ya msingi ya kijiji cha Paritewadi, wilaya ya Solapur, katika jimbo la Maharashtra, akakuta jengo lililobanwa kati ya zizi la ng'ombe na ghala. Vitabu vilivyokuwapo havikuwa katika lugha ya watoto. Lugha ya jimbo hilo ni Kimarathi, ilhali watoto wa pale walikuwa wakisema Kikannada, lugha ya jimbo jirani la Karnataka. Alichokifanya kwanza ni kujifunza Kikannada yeye mwenyewe. Baada ya hapo ndipo alipotafsiri vitabu vya darasa la kwanza hadi la nne, akaweka ndani yake zile alama za vipande vyeusi na vyeupe zinazosomwa kwa simu, ili mtoto asikie shairi, hadithi au maelezo ya somo kwa sauti. Alishughulika pia na wasichana, ambao wengi walikuwa wakiolewa mapema na kuacha shule. Mwezi wa Desemba 2020 alipewa tuzo ya kimataifa ya walimu inayotolewa na shirika la Varkey, na papo hapo akatangaza kwamba nusu ya fedha atagawana na wenzake 9 waliofika naye hatua ya mwisho.

Tazama mpangilio wa kazi yake: aliyekwenda kusoma kwanza ni mwalimu. Ukiziweka kando zile alama za simu, ulichokiandika ubaoni ni cha ukoo mmoja na kazi yake. Tofauti ni kwamba yeye alivuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na wewe unavuka kutoka Kiswahili hadi Kiswahili, jambo ambalo machoni pa watu wengi halionekani kuwa ni kuvuka hata kidogo. Hapo ndipo ugomvi wako na inspekta ulipozaliwa.

Kiswahili cha Lubumbashi kilikua pamoja na mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910, katika makambi ya wafanyakazi wa shaba walioletwa kutoka pande nyingi, kila mmoja na lugha ya mama yake. Lugha iliyokua hivyo ina kanuni zake. Mtoto anayesema "batoto banaenda ku masomo" habahatishi: ameweka "ba" kwenye jina na akaiweka tena kwenye kitendo, bila kukosea hata mara moja, na upatanisho huo ndio ambao wageni wa Kiswahili hutoka jasho miaka miwili kuupata. Basi mwambie tu kwamba pale anaposema "ba", kitabu husema "wa", na pale anaposema "ku soko", kitabu hutia "ni" mwishoni mwa neno. Kanuni hizo mbili zinafundishika asubuhi moja. Mwalimu asiyezijua humsahihisha mtoto neno moja moja, mwaka mzima, mpaka mtoto anaamua kwamba njia salama ya kutokosea ni kutofungua mdomo.

Lakini usidhani kwamba kila kitu ni chepesi hivyo. Kuibadili "kiti yangu" iwe "kiti changu" kunachukua muda mrefu, kwa sababu katika usemi wetu vitu vingi huenda na "ya" moja, na mtoto hana mahali pa kushikia. Huko panahitajika nyimbo, michezo na subira. Mimi nilikuwa nikiwapanga watoto kwa makundi, kundi la "ki", kundi la "m", kundi la "n", na kila kundi likawa na mlango wake wa kutokea wakati wa mapumziko. Anayetaja kitu cha kundi lingine hatoki. Walijifunza kwa sababu walitaka kwenda kucheza.

Sasa, inspekta ana haki? Kukuaibisha mbele ya watoto ni kosa, na siwezi kulitetea. Kuhusu somo lenyewe, kila kitu kinategemea ubao wako ulikuwa na safu ngapi. Kama ulikuwa na safu mbili, moja ya nyumbani na moja ya kitabu, na watoto wakamaliza saa wakisoma na kuandika safu ya kitabu, ulikuwa kazini. Kama "eko ku soko" ilibaki peke yake ubaoni, basi umewafurahisha watoto na kuwapunja, kwa maana vitabu vyote watakavyovifungua huko mbele vimeandikwa kwa Kiswahili kile kingine.

Gloria Ladson-Billings, mwanamke mtafiti wa Marekani ambaye jina lake hutajwa kila inapozungumzwa elimu ya namna hii, aliwafuatilia walimu 8 wa shule za msingi za kaskazini mwa California, katika madarasa yaliyojaa watoto weusi. Hakuwachagua mwenyewe; aliwauliza wazazi na wakuu wa shule, akachukua majina yaliyotajwa na pande zote mbili. Wakuu walitazama nidhamu na maksi. Wazazi walitazama kama mtoto anarudi nyumbani ana hamu ya shule na kama wao wenyewe wanaheshimiwa wanapokwenda kumwona mwalimu. Watano kati ya hao walimu walikuwa weusi na watatu weupe, kwa hiyo yale madai kwamba ni lazima uwe wa kabila la mtoto ndipo umfundishe vizuri yanaweza kupumzishwa. Alichokiandika baadaye, mwaka 1994 na 1995, kina madai matatu: mtoto ajue masomo kwa kweli, asilazimike kuyaacha ya kwao ili ayajue, na aweze kuyahoji mambo ya jamii yake. Watu hupenda kulitaja la pili na kulisahau la kwanza, ambalo ndilo lililotangulia na ndilo lenye jasho.

Nikupe mfano wangu mmoja, kwa kuwa umeniuliza kama mwalimu kwa mwalimu. Somo la mabadiliko ya wadudu lilikuwa likinishinda kila mwaka. Kipepeo wa kitabuni hakuna aliyemjali. Mwaka mmoja, wakati wa mvua, nilikuja na bakuli la finkubala, wale viwavi tunaowala, kutoka sokoni. Darasa lilichangamka. Nikauliza: hawa wakiisha sokoni, huwa wanakwenda wapi? Mmoja akasema wanaisha kwa sababu tunawala wote. Mwingine, ambaye nkambo wake, yaani bibi yake, alikuwa akienda kuwaokota porini kwenye miti ya miombo, akasema hapana, wale wanaobaki huingia ardhini. Tulibishana siku mbili. Mwishowe yai, kiwavi, kulala ndani ya gamba na kutoka na mabawa viliandikwa ubaoni na watoto wenyewe, nikabaki na kazi ya kuwapa majina ya Kifaransa ambayo mtihani ungeyadai. Majina hayo sikuyaacha hata moja.

Kwa hiyo nenda kwa inspekta na daftari lako la maandalio, mchukue pembeni kwa heshima, na umwombe achague mwenyewe watoto watano wamsomee ukurasa wa kitabu. Wakisoma vizuri, maneno yako hayatahitajika mengi.

Mama Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne, ninauza unga wa mahindi huku Kampemba. Kitinda mimba wangu yuko darasa la kwanza katika shule ya serikali na anafundishwa kwa Kiswahili. Kiswahili anakijua tangu tumboni! Nimempeleka akajue Kifaransa. Jirani yangu anasema hiyo ni elimu ya maskini, wenye fedha hawaikubali. Je, tunadanganywa? — Mama wa Kampemba

Mama, hasira yako ina haki kwa nusu, na nusu hiyo nitaifikia.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1962, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ya Kongo iliamua kwamba Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo, na wazee wetu waliipokea habari hiyo kwa furaha, kwa sababu zile zile unazozitaja. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi walijua kuimba kurasa nzima bila kuelewa walichokiimba. Mwaka 1974 wanaisimu wa nchi walikutana hapa hapa Lubumbashi wakadai lugha za taifa zirudi darasani. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaziruhusu lugha za taifa na lugha za mahali kuwa lugha za kufundishia, pamoja na kuwa masomo, na katika upande wetu wa nchi lugha hiyo ni Kiswahili, kinachobeba madarasa ya mwanzo wakati Kifaransa kinajengwa polepole hadi kichukue madarasa ya juu.

Kuna sababu ambayo mfanyabiashara ataielewa. Mtoto hujifunza kusoma mara moja tu katika maisha yake. Akishajua kwamba alama hizi hubeba sauti, ujuzi huo anauhamisha katika lugha yoyote. Sasa jiulize ni wapi ataupata kwa bei nafuu. Kiswahili huandikwa kama kinavyosikika: "ma" ni "ma" leo na kesho. Kifaransa huandika herufi tatu, e-a-u, ili kupata sauti moja ya "o", na mwishoni mwa maneno huweka herufi ambazo hakuna anayezitamka. Mtoto anayeanzia huko analipa mara mbili, kwa kusoma na kwa lugha, vyote siku moja.

Nusu yako ya haki ni hii: mtihani wa mwisho wa darasa la sita unafanywa kwa Kifaransa. Mwalimu akijificha nyuma ya Kiswahili na kuacha Kifaransa cha kuzungumza, ambacho kimo katika ratiba tangu darasa la kwanza, mtoto wako atafika kwenye kivuko bila mtumbwi. Nimeyaona madarasa kama hayo. Basi usimwulize mwalimu kwa nini anafundisha kwa Kiswahili. Mwulize Kifaransa cha kuzungumza anakifanya siku gani na saa ngapi, kisha umwombe mtoto akuonyeshe nyumbani.

Na usikubali kuambiwa kwamba wewe huna cha kumpa. Mapema katika miaka ya 1990, huko Tucson, Arizona, mtafiti Luis Moll na wenzake waliwapeleka walimu majumbani mwa wanafunzi, nyingi zikiwa familia zenye asili ya Meksiko, si kwenda kulalamika kuhusu mtoto bali kujifunza familia inajua nini. Katika nyumba moja waligundua kwamba mtoto alikuwa akiuza peremende za Meksiko kwa majirani, na mama mmoja akaalikwa darasani kuwaonyesha watoto jinsi zinavyotengenezwa. Hesabu, sayansi na maandishi ya wiki nzima yakatoka hapo. Wewe una meka, kile chombo cha kupimia unga. Meka ngapi katika gunia, faida kwa kila meka, hasara mvua ikinyesha juu ya unga: hiyo ni hesabu ya darasa la tatu na la nne, na mtoto wako anaiona kila siku. Ipo pia ile hesabu ya meka iliyobonyezwa chini ili ibebe unga kidogo. Sisemi ya kwako, Mama. Lakini darasa langu moja lilipima meka za soko zima kwa maji na chupa, na hilo ndilo lile dai la tatu la Ladson-Billings likitembea kwa miguu.

Mwalimu, katika darasa langu la Kamalondo nina watoto 61. Wapo Wabemba, Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wasanga, Walunda, na mmoja aliyetoka Kivu mwaka huu. Mnaposema tufundishe kwa kufuata utamaduni wa mtoto, nifuate wa nani? — Mwalimu mwenye watoto 61

Usifuate wa kabila lolote. Utamaduni wa mtoto wa miaka minane ni maisha anayoyaishi, nayo kwa sehemu kubwa watoto wako 61 wanayaishi pamoja: gari la waya analolitengeneza mwenyewe, meka ya unga, bukari (ugali) jioni, bomba la moshi la kampuni ya shaba ya Gécamines analoliona kila siku, hadithi za sungura Kalulu, maji ya kuteka kabla ya shule. Hapo una masomo ya mwaka mzima bila kumwuliza mtu ukoo wake.

Zaidi ya hayo, naomba uwe mwangalifu sana. Mji huu unakumbuka miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, na wazazi wa baadhi ya watoto wako walikuwa watoto wakati huo. Mwalimu anayemsimamisha mtoto na kumwuliza "kwenu mnafanyaje?" huenda ana nia njema, lakini amemgeuza mtoto kuwa kitu cha maonyesho, na anaweza kugusa kidonda asichokijua. Mtoto akileta habari za kwao kwa hiari yake, zipokee. Asipozileta, mwache.

Salamu, hata hivyo, hazimdhuru mtu. Andria Zafirakou, mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari ya London, aliyepata tuzo ile ile ya Varkey mwaka 2018, alijifunza maneno ya msingi ya lugha nyingi kati ya zile 35 zinazosemwa na wanafunzi wa shule yake, akawa anawasalimu watoto na wazazi mlangoni. Wewe huhitaji 35. "Moyo" kwa Mluba wa Kasai, "mwapoleni" kwa Mbemba, asubuhi wanapoingia, kisha somo lianze. Yule wa kutoka Kivu mwangalie zaidi: Kiswahili chake kinafanana na cha wenzake kiasi cha kukudanganya, na mtoto anayechekwa matamshi yake hunyamaza haraka kuliko asiyejua lugha kabisa.

Mama Mwalimu, shule yetu ya Ruashi inaandaa ngoma za asili na mavazi ya mababu kwa ajili ya tarehe 30 Aprili, sikukuu ya elimu. Je, tunaweza kusema kwamba sasa tunafundisha kwa kufuata utamaduni? — Direkta

Hapana, Mheshimiwa Direkta. Mnaweza kusema kwamba mna sikukuu nzuri, na mkinialika nitakuja. Ngoma ya siku moja haimsaidii mtoto ambaye siku nyingine zote za shule husoma matatizo ya hesabu kuhusu treni za Ubelgiji. Ukitaka ngoma iingie katika kazi, mwache mpigaji aje darasani wiki moja kabla, watoto wahesabu mapigo na kuyagawa kwa nusu na robo. Sehemu ambazo mwalimu wa darasa la nne anahangaika nazo zimo humo.

Jambo Mama. Ninamaliza pedagojia mwaka huu katika mtaa wa Kenya na ninatumaini kupata D6, diploma ya kumaliza sekondari. Baba yangu anasema ualimu wa shule ya msingi ni umaskini wa kujitafutia. Mimi ninataka kufundisha kama hao mnaowaandika. Je, kuna njia ya maisha hapo, na tuzo kama hizo hupatikanaje? Nianze na nini? — Binti wa Kenya

Binti yangu, baba yako hasemi uongo, na usimjibu kwa jeuri. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu mpya anaweza kufundisha muda mrefu akisubiri jina lake liingie katika orodha ya mishahara. Ingia ukijua hivyo. Njia yenyewe ipo: D6, miaka ya darasani, kisha ukiweza Chuo cha Juu cha Ualimu, ISP, hapa Lubumbashi, na baadaye udirekta au uinspekta. Wengine, kama mimi, hubaki darasani kwa kupenda, na hilo nalo ni chaguo.

Kuhusu tuzo: ile ya Varkey ilianza kutolewa mwaka 2015, na iko wazi kwa walimu wanaofundisha watoto wa umri wa shule, miaka 5 hadi 18, mwalimu anaweza kujipendekeza au kupendekezwa na mwingine. Peter Tabichi wa Kenya, namaanisha nchi na si mtaa wako, aliipata mwaka 2019 akiwa anafundisha sayansi katika kijiji cha Pwani, Nakuru, na alijulikana kwa kugawa sehemu kubwa ya mshahara wake. Lakini hesabu za tuzo ni za bahati nasibu: kila inapotolewa, mwalimu mmoja, duniani kote. Mimi katika miaka 34 nilituzwa mara moja, cheti na pea ya kitenge. Cheti kililiwa na mchwa. Kitenge nilikivaa mpaka kikaisha rangi, na sikujutia.

Ninachojua ni kwamba wale ninaowasoma habari zao walianza kwa kumjua mtoto mmoja mmoja kabla ya kubuni lolote, na hilo unaweza kulianza Septemba. Chukua daftari, kila mtoto ukurasa wake. Andika lugha anayoisikia nyumbani, analala kwa nani, anafanya kazi gani akitoka shuleni, na mikono yake inajua nini: kusuka, kutengeneza redio, kuhesabu chenji, kubeba mdogo wake. Usiyaulize yote siku moja kama polisi. Sikiliza wakati wa mapumziko, tembelea nyumba mbili kwa wiki, na useme na mzazi kabla hujasema na direkta. Unapoandaa somo la kesho, fungua kurasa tatu au nne za daftari hilo na utafute humo mfano wa kuanzia. Fungua kwanza za watoto usioweza kuzikumbuka sura zao ukiwa nyumbani.

Daftari liwe la kurasa 200, maana darasa lako halitakuwa dogo, na uandike kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa anayelala kwa mama yake mwezi wa Oktoba huenda mwezi wa Februari akawa analala kwa nkambo.